Chujio la Nne Kutoka Kushoto

Sogeeni, enyi mnaopita na enyi mnaongoja zamu, wenye vikombe mikononi na wenye mizigo vichwani! Tueni mizigo, zimeni simu, na yule anayetafuna karanga atafune upande mmoja ili sikio la pili lisikie. Sitawasimulia ngome iliyoangushwa wala mto uliovukwa na maelfu chini ya mvua ya risasi, maana hayo yamesimuliwa mpaka yamechakaa. Nitawasimulia habari za chujio la chai, moja, la waya, lenye mpini wa plastiki wa kijani, na za shujaa aliyeliuza. Na kama yuko humu anayecheka, na acheke sasa, kwa kuwa huko mbele hatapata nafasi.

Shujaa mwenyewe alikuwa Sajini mstaafu, na jeshi zima lilimwita Komeo. Komeo, Ngao ya Vijiko! Komeo, Mlinzi wa Mablanketi, hofu ya wapoteza mikanda! Miaka thelathini na moja alitunza bohari ya kikosi chake, na katika miaka hiyo halikutoka humo hata sindano ya kushonea kifungo pasipo yeye kujua imekwenda kwa nani, kwa kazi gani, na itarudi lini. Sheria za bohari zilikuwa mbili, naye alizishika kama mtu anavyoshika kamba ya kisima. Ya kwanza, hakitoki kipya mpaka cha zamani kirudi. Ya pili, hakitoki chochote bila sahihi. Kanali mmoja aliwahi kuja kutaka balbu ya ofisini mwake bila kuja na ile iliyoungua, akasimama pale dirishani nusu saa nzima na nyota zake mabegani, akikohoa kikubwa. Komeo hakupepesa jicho, na mwishowe kanali akarudi mwenyewe kuipapasa ile balbu gizani.

Adui wa Komeo maishani alikuwa mmoja tu, naye ni pengo kwenye rafu. Risasi aliwahi kuzisikia zikipita juu ya paa, asishtuke sana. Lakini akiona mahali palipokuwa na sufuria kumi sasa pana tisa, usingizi haukuja mpaka ya kumi irudi mahali pake.

Ikafika siku ya kustaafu. Siku hiyo kila askari hurudisha alivyopewa, na anayevipokea ni mtunza bohari. Na kwa kuwa mtunza bohari alikuwa yeye, na mrithi wake alikuwa bado njiani, Komeo alijipokea mwenyewe. Alisimama upande wa nje wa dirisha akaweka buti, mkanda, kikombe cha bati, blanketi na kijiko. Akazunguka, akaingia ndani, akavikagua vyote, akajikaripia kwa kijiko kilichopinda, akatia sahihi ya mpokeaji. Kisha akatoka tena nje akatia sahihi ya mrudishaji. Alipotoka getini alikuwa amevaa raba alizonunuliwa na mkewe, na mikono yake haikuwa na kitu. Ndipo alipotambua kwamba miaka yote ile hakuwahi kumpa mtu kitu kikawa chake huyo mtu, wala yeye hakuwahi kupewa. Jambo hilo lilimuuma, na hakumwambia yeyote.

Sasa basi, ofisi inayoshughulikia wastaafu ilikuwa imefungua mafunzo ya biashara ndogondogo kwa askari waliovua magwanda. Yalifanyika katika chumba kirefu nyuma ya jengo la posta, chenye feni moja inayozunguka kwa kulazimishwa. Kila jioni mwalimu alipanga viti kwa duara ili watu wazungumze kwa uhuru, na kila asubuhi alikuta wanafunzi wake wamekwisha kuvipanga safu tatu zilizonyooka, wameketi wima wakingoja amri. Humo alikuwamo mpiga tarumbeta wa kikosi aliyefungua kibanda cha kinyozi na kuwanyoa wateja wote mtindo mmoja, wakubali wasikubali. Alikuwamo na mpishi wa kikosi aliyefungua mgahawa, mtu asiyejua kupika chakula cha watu pungufu ya mia tatu. Mteja wake wa kwanza aliomba yai moja la kukaanga, akaletewa karai. Hata hao walikwisha kufuzu. Aliyebaki alikuwa Komeo peke yake.

Kila mwanafunzi alipewa mlezi, yaani mfanyabiashara mzoefu wa kumshika mkono, na wa Komeo alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, aliyeuza mapazia kwa miaka ishirini na kuitwa Mama Mapazia. Alipewa pia fremu ya duka kwa miezi mitatu ya majaribio, fremu ya tatu kutoka kona, yenye mlango wa chuma na kaunta ya mbao. Komeo akaipanga. Na aliipanga, jamani! Ndoo zilikaa kwa urefu, mabeseni kwa upana, misumari kwa inchi. Miiko ilielekea upande mmoja utadhani inasikiliza hotuba. Na ukutani, juu ya misumari saba iliyopimwa kwa rula, yalining'inia machujio saba ya chai, mipini yote chini, vitako vyote usawa mmoja. Waliopita walisimama kutazama. Ila walipoingia kununua, ndipo vita vilipoanza.

Mwashi alikuja kutaka misumari. "Nani amekuidhinisha?" akaulizwa, naye akaondoka akiapa. Dada mmoja alitaka beseni, akaambiwa aeleze kwa maandishi ni la kazi gani. Mwalimu wa shule alitaka balbu, akatumwa nyumbani kuleta iliyoungua, na kwa kuwa alikuwa mwalimu, akaitii amri na kuileta. Seremala alifanikiwa kuondoka na nyundo baada ya kutia sahihi sehemu tatu kwenye daftari jekundu la kutolea vifaa. Lakini wiki mbili baadaye, akiwa kazini, aliona kivuli mlangoni, na kumbe ni Sajini Komeo amefuata kuikagua. Alikuta ina vumbi la mbao. Akaichukua, akaenda kuipaka mafuta, akairudisha siku ya tatu pamoja na onyo. Tangu hapo watu wa mtaa huo wakishikwa na haja ya ndoo walikuwa wanavuka barabara kwenda duka la mbele.

Hata mkewe hakusalimika. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali, na upawa wa nyumbani kwao ulipokatika alipita dukani kwa mumewe kuchukua mwingine. Alitia sahihi kwenye daftari jekundu huku akicheka, akidhani ni utani. Jumamosi iliyofuata, baada ya chai, mumewe alipomwambia alete upawa ukaguliwe, aliacha kucheka. Akauleta, maana alimpenda, na tangu hapo kila Jumamosi aliuleta.

Ikawa imebaki wiki moja miezi mitatu iishe. Mama Mapazia akaja dukani, akavaa miwani, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kupima vitambaa.

"Sajini, nisikilize vizuri. Ijumaa nakuja kukaa humu ndani. Nataka nikuone unamhudumia mteja mmoja, mgeni, si ndugu yako wala jirani yako. Aingie, achague, alipe, aende zake. Hakuna kumhoji, hakuna cha zamani, hakuna sahihi. Ukifanya hivyo fremu ni yako. Ukishindwa, Jumatatu ufunguo unaenda kwa anayefuata kwenye orodha, na mimi sitakuwa na la kukutetea."

Komeo akabana visigino, kifua mbele, akajibu kama kwamba kikosi kizima kilikuwa nyuma yake. "Afande Mwalimu! Nimeamriwa kushika kilima, nimekishika. Nimeamriwa kulala na njaa juu ya magunia ya mchele, nimelala, na asubuhi magunia yalikuwa kamili. Lakini hili la kumtazama mtu akitoka na beseni mchana kweupe, nisipige hata filimbi, hilo, Afande, mwili wangu unalikataa. Hata hivyo, amri ni amri."

"Si amri, Sajini. Ni biashara."

"Ndiyo, Afande."

Nyumbani hali ilikuwa nzito zaidi. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa amekwisha kumtafutia kazi ya ulinzi kwenye geti la ghala la watu, zamu ya saa kumi na mbili, kiti na filimbi juu ya mwajiri. Kusema kweli Komeo aliitamani. Angeifanya kwa namna ambayo hata mwenye ghala asingeingia. Lakini mkewe alikata uzi kwa meno, akaweka nguo chini, akamtazama.

"Mzee wangu, mimi nimeolewa na wewe lakini nimeishi na zamu yako. Miaka thelathini na moja nakula huku naangalia mlango. Kaka yangu namshukuru, ila ukienda kukaa kwenye geti la watu mimi nimerudi kulekule. Uza vitu, tafadhali. Uza hata kimoja. Mimi nataka mume anayefunga duka akarudi nyumbani."

Shujaa alikwenda kusimama mbele ya kioo. Mama Mapazia alikuwa amempa silaha tatu: "karibu", "chagua" na "asante". Alizifanyia mazoezi wiki nzima. Jumatatu "karibu" ilitoka kwa sauti ya "simama hapo ulipo", na paka wa jirani akasimama. Jumatano ililainika kidogo. Alhamisi aliweza kusema "chagua" bila kunyoosha kidole. Mkewe alikuwa akishona chumba cha pili, akimsikia.

Hatimaye, enyi wasikilizaji, jua la Ijumaa likachomoza! Likamulika mabati, likamulika kamba za nguo, likapenya mlango wa chuma wa fremu ya tatu kutoka kona, likawakuta majabali wawili wamekwisha kujipanga. Mama Mapazia alikaa juu ya kreti nyuma ya mabeseni, amejificha mpaka kwenye paji la uso, baada ya kuapa kwamba hatatamka neno. Komeo alisimama nyuma ya kaunta, ndevu zimenyolewa, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na chini ya kaunta, karibu na goti lake la kulia, lilikuwapo lile daftari jekundu. Hakuambiwa alitupe. Aliambiwa asilitumie, naye alilihisi pale gotini asubuhi nzima.

Saa tatu ikapita bila mtu kuingia. Watu walivuka barabara kama kawaida yao. Saa nne, hivyohivyo. Saa nne na robo mlangoni pakatokea bibi kizee wa watu, mwembamba, ana kikapu mkononi na kilemba cha bluu kichwani, akasimama kizingitini akabisha.

"Hodi humu."

Kooni mwa Komeo likaja mbio lile neno la zamani, "Nani wewe, unatoka wapi!", na meno yake yakalifungia mlango. Lilipiga teke mara mbili. Akalimeza, likashuka taratibu na kwa maumivu.

"Ka... karibu, bibi."

"Asante mwanangu. Mbona umesimama hivyo? Mgongo?"

"Hapana, bibi. Ndivyo nilivyo."

"Pole. Mimi nataka chujio la chai. Langu limetoboka, kila nikinywa natafuna majani utafikiri mbuzi." Akaingiza mkono kikapuni, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti, akakifungua juu ya kaunta kwa heshima zote. "Hili hapa la zamani. Nimeambiwa hapa hamtaki mtu aje mikono mitupu."

Lo! Tazameni mtego huo! Miaka thelathini na moja Komeo aliwabembeleza, aliwatisha na kuwafungia dirisha askari wenye afya zao ili walete cha zamani, nao walimletea visingizio. Na leo raia huru, bibi wa watu, ambaye hakuwahi kuvaa gwanda, amekuja nacho kwa hiari yake, tena kimeoshwa. Mikono ya Komeo iliinuka yenyewe. Vidole vilikwisha kugusa mpini. Nyuma ya mabeseni kreti ikalia mlio mdogo, na shujaa akarudisha mikono chini mmoja mmoja, akaibana kwenye mishono ya suruali.

"Bibi," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayeagana na ndugu, "uliyoyasikia ni ya kweli, lakini yalikuwa ya jana. Kuanzia leo asubuhi la zamani mteja anabaki nalo."

"Nibaki nalo la nini, na limetoboka?"

"Hata mimi sijui, bibi."

Bibi akalitazama lile chujio bovu, akamtazama Komeo, akaona hapa hapana ubishi wa maana. "Basi wajukuu watachezea mchanga," akasema, akalirudisha kikapuni.

"Chagua," akasema Komeo, bila kunyoosha kidole.

Naye bibi akausogelea ukuta wa machujio saba. Angeweza kuchukua la kwanza, na safu ingefupika tu. Angeweza kuchukua la mwisho. Lakini bibi huyo alikuwa mtu wa kupima mambo. Alilishika la kwanza akalielekeza kwenye mwanga, akachungulia, akalirudisha kombo. Alilishika la pili, la tatu, yote yakarudi kombo. Jasho lilimtoka Komeo, likafuata mfereji wa mgongo. Alipofika la nne kutoka kushoto, la katikati kabisa, nguzo ya safu nzima, bibi akalichungulia kwa muda mrefu, akalipiga ukucha, akasikiliza, akasema, "Hili."

Msumari wa nne ukabaki mtupu. Pengo likamkodolea Komeo macho. Kwa kitambo alidhani ataruka kaunta. Badala yake alitaja bei, kwa ufupi, na bibi akalipa bila maneno mengi, akalitia chujio kikapuni.

Chujio moja, mbele ya macho yake, limetoka! Komeo akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu saa nne na robo, akainua silaha yake ya tatu na ya mwisho. "Asante, bibi. Karibu tena."

Lakini bibi hakuondoka. Alikiweka kikapu juu ya kaunta, akatoa miwani ndani ya kifuko cha kitambaa, akaivaa. Akatoa kalamu, yake mwenyewe, yenye kifuniko kilichotafunwa, akaijaribu kiganjani ikaandika.

"Haya mwanangu, lete daftari."

Mbingu zikanyamaza, na ile kreti nayo. "Daftari gani, bibi?" aliuliza Komeo, ingawa goti lake la kulia lilikuwa linawaka moto.

"La sahihi. Unanitania? Mimi nina miaka sabini na miwili, mwanangu. Tangu mwaka jana nasoma lile darasa la watu wazima, pale shuleni, watoto wakishatoka. Maisha yangu yote nimetia dole gumba. Kliniki dole gumba, posa ya binti yangu dole gumba. Sasa najua kuandika jina langu lote, mpaka la babu, na hakuna anayeniomba niliandike! Maduka yote wanachukua tu, wanakwambia nenda. Juzi seremala jirani yangu akasema kuna duka hapa, hutoki hata na msumari bila kutia sahihi mara tatu. Nikasema hilo ndilo duka langu. Nimepita maduka manne kuja kwako."

Enyi mliosoma habari za majemadari waliobanwa baina ya mto na jeshi, semeni, yupo aliyebanwa hivi? Kama angelifungua daftari, fremu imekwenda, na Jumatatu yuko getini na filimbi, na mkewe anakula akitazama mlango. Kama angemnyima, bibi huyu angeondoka na kalamu yake akavuka barabara, na duka la mbele wangemwambia nenda. Komeo alitazama mabeseni. Paji la uso la Mama Mapazia lilikuwa limeinuliwa juu, linachunguza dari. Hakuna msaada utakaotoka huko. Akamtazama bibi, ambaye alikuwa ameshika kalamu tayari, mkono umetulia juu ya mbao, anangoja kama mwanafunzi aliyejua jibu. Na Komeo, aliyewahi kuwanyima makanali, alimwonea huruma nyingi mpaka macho yakamwasha.

Akainama. Kreti ikalia kwa nguvu. Akaliinua daftari jekundu kutoka kizani, akaliweka juu ya kaunta, akalifungua. Akaupita ukurasa wa kwanza wenye nyundo ya seremala, balbu ya mwalimu na upawa wa mkewe, akafika ukurasa mweupe, akalizungusha likamwelekea bibi.

"Bibi," alisema, na hapo alisimama wima kuliko siku aliyopandishwa cheo, "sikiliza neno langu. Chujio hili halina sahihi. Ukitoka nalo hapa sitakufuata, sitalikagua, likitoboka ni shauri lako, halirudi. Ni lako. Na hili daftari." Hapo akakwama. "Hili daftari nimelishika kwa muda mrefu na sioni tena kazi yake humu. Lina kurasa mia moja na tisini nyeupe. Nalo ni lako. Andika jina lako humo mpaka kurasa ziishe, na asikwambie mtu nenda."

"Langu? Kabisa?"

"Kabisa, bibi. Wala hurudishi."

Bibi hakungoja kufika nyumbani. Aliinamia kaunta, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, akaandika. Jina lenyewe ni lake, halituhusu. Kinachotuhusu ni dakika alizotumia, saba nzima, na katika muda huo wapita njia waliona mtu ndani ya duka la Sajini na wakasogea kuona anahojiwa nini. Aliingia yule mwashi aliyeapa. Akachota misumari, akaweka malipo juu ya kaunta, akangoja maswali. Komeo alifumbua mdomo, akapapasa chini ya kaunta, akakuta hakuna kitu.

"Asante," alisema. "Karibu tena."

Mwashi alitoka kinyumenyume, akiamini kuna hila.

Bibi alipokwisha kuondoka, daftari kwapani na chujio kikapuni, Mama Mapazia alijitokeza nyuma ya mabeseni akijinyoosha magoti. "Sajini, nilikwambia uuze kitu kimoja. Sikukwambia ugawe na vifaa vya ofisi."

"Ndiyo, Afande Mwalimu. Niadhibiwe."

Mama Mapazia akacheka mpaka miwani ikaanguka ikabakia kwenye kamba yake. Kisha akatoa mkobani ufunguo wa pili wa fremu, ule ambao mlezi hukaa nao mpaka mwanafunzi wake afuzu, akamwekea kiganjani.

"Nitie sahihi wapi?" aliuliza Komeo.

Mama Mapazia alimtazama tu. Naye Komeo, taratibu, akautia ufunguo mfukoni.

Machujio sita yaliyobaki aliyanyoosha, sitawaficha, binadamu ni binadamu. Lakini msumari wa nne hakuugusa. Jioni alifunga duka, akauacha mtupu humo ndani, akarudi nyumbani kungali na mwanga, akamsimulia mkewe habari ya bibi na kalamu yake. Akalala usingizi wa moja kwa moja.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Baada ya chai mkewe, kwa mazoea, alikwenda jikoni, akarudi na ule upawa, akauweka mezani mbele ya mumewe, akakunja mikono.

"Ukaguzi, Afande."

Komeo akauchukua. Akaugeuza kwenye mwanga, mbele na nyuma, na jicho lake, jicho lile lile lililomshinda kanali, likaona karibu na shingo ya upawa pamebonyea. Halikuwapo Jumamosi iliyopita, hilo bonyeo. Mkono wake wa kulia ukaenda mezani kutafuta daftari. Ukatembea mpaka ukingoni, ukarudi.

"Umebonyea hapa," alisema.

"Najua. Nilipigia panya."

Komeo akaugeuza upawa, akashika upande wa kichwa, akamwelekezea mkewe mpini, kama anavyokabidhi mtu aliyelelewa vizuri.

"Basi ubonyeze utakavyo, mke wangu. Ni wako."

"Tangu lini?"

"Tangu jana, saa nne na robo."

Na iandikwe hivyo, enyi watunza kumbukumbu, kwa wino usiofutika, katika vitabu visivyohitaji kurudishwa: kwamba bohari iliyosimama miaka thelathini na moja ilifunguka siku hiyo, na vilivyotoka ni chujio moja na daftari moja, na upawa ukapata mwenyewe. Mkewe aliupokea kwa mikono miwili. Akautazama kama kitu kipya, akauliza kama anaruhusiwa sasa kuuacha bila kuoshwa mpaka jioni.

"Hapana," alisema Sajini Komeo.